Ndoa Tuliyokwenda Kuizuia

Shangazi wa mume wangu alipiga simu Jumamosi asubuhi tukiwa uani tunafua, akasema amepata mchumba.

Mimi nilikuwa nimeshika mguu mmoja wa suruali, mume wangu ameshika wa pili, tunaikamua kama watu wanaonyonga nyoka. Katika mafundisho ya ndoa tuliambiwa wanandoa Wakristo wafanye kazi za nyumbani pamoja, nasi tuliyachukulia mafundisho hayo kwa uzito ambao hata waliotufundisha hawakuwa nao. Majirani zetu pale Bunda walikuwa wanapita uani kwetu bila sababu, kuja tu kumwona mwanaume akifua. Simu ilikuwa juu ya tofali. Mume wangu akajipangusa kidole, akabonyeza sauti ya nje ili nami nisikie.

"Bwana asifiwe, Shangazi!" akasema. "Mchumba! Hatimaye!"

Tulikuwa tumemwombea. Shangazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, anaishi peke yake Butiama katika nyumba aliyoachiwa na marehemu, na kila tulipoomba jioni jina lake lilikuja baada ya mvua na kabla ya serikali. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu tangu mama yake alipofariki hadi alipomaliza shule ya msingi. Kwa hiyo niliposikia neno mchumba nilianza hapohapo kufikiria kitambaa cha sare.

"Anatoka wapi, Shangazi?" nikauliza.

"Mugeta."

"Ana shughuli gani?"

"Ana mikono. Analima kuliko nyie wawili mkijumlishwa na hiyo pikipiki yenu."

"Na yeye ni mjane?"

"Ujane autoe wapi? Mtoto wa miaka ishirini na mbili."

Tukatazamana. Suruali ilianza kulegea katikati yetu. Nilijiambia kwamba upendo hauna umri, kauli ambayo nilikuwa sijawahi kuiamini, nikatafuta mstari wa Biblia wa kuiunga mkono na sikuupata.

"Shangazi," mume wangu akasema polepole, "huyo kijana..."

"Kijana gani? Nimesema ni binti."

"Mchumba wako ni binti?"

"Sasa ulitaka nioe mbuzi?"

Suruali ikaanguka kwenye vumbi. Ilikuwa ya kaki, ya kazini, na ilibidi kufuliwa upya, lakini si na sisi wawili pamoja, maana mmoja wetu alikuwa ameshaketi chini.

Mimi ni mtu wa Kisorya, nimezaliwa kandokando ya ziwa, na kwetu tuna mambo yetu mengi ya kushangaza, ila hilo hatuna. Ilibidi mume wangu anieleze, akiwa ameinamia beseni ili asinitazame usoni. Huko kwao, mwanamke asiye na mtoto anaweza kutoa ng'ombe akamwoa msichana. Si kwa mambo ya chumbani. Ni kwa mambo ya nyumba. Watoto watakaozaliwa na huyo msichana ni watoto wa yule mama, wanaitwa kwa ukoo wa marehemu mume wake, na nyumba inaendelea. Wanaiita nyumba ntobhu.

"Wewe ulijua haya yote?"

"Nilipokuwa mdogo jirani yetu alikuwa na wake wawili. Bibi kabisa, na kibuyu chake cha ugoro. Nilikuwa nadhani kila kijiji kina bibi mwenye wake."

"Na hukuniambia?"

"Nilikwenda chuo kikuu," akasema, kana kwamba hilo ndilo jibu. Na kwa kweli lilikuwa jibu. Mimi pia nilikwenda chuo kikuu, na kuna vitu vingi vya Kisorya ambavyo sikuwa nimemwambia.

Niseme tulikuwa watu wa namna gani wakati ule, ili msomaji asije akatuonea huruma mapema. Tulikuwa na ndoa changa. Mume wangu alikuwa bwana shamba, anazunguka vijijini na pikipiki ya ofisi kuwaambia wakulima wa pamba mambo waliyokwisha kuyakataa kwa mabwana shamba waliomtangulia. Mimi nilifundisha sekondari. Kanisani tulikuwa viongozi wa wanandoa vijana, na tulikuwa wale watu ambao ukiwasalimia habari za asubuhi wanakujibu kwa zaburi. Tulikuwa na ratiba ya maombi iliyobandikwa juu ya kitanda. Tulikuwa na majibu. Nikikumbuka sasa wingi wa majibu tuliyokuwa nayo ndani ya chumba kimoja cha kupanga, nashangaa tulipata wapi nafasi ya kuweka kabati.

Kwa hiyo hatukujiuliza kama twende. Tulijiuliza tu tufunge kula siku ngapi kwanza. Jumamosi iliyofuata, tumbo tupu na moyo umejaa, tukapanda pikipiki kwenda Butiama kuizuia ndoa ya Shangazi.

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Kutoka Bunda hadi unapoiacha barabara kuu ya Musoma, nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba na nyaya kote zilikopita lori. Nilikaa nyuma nimemkumbatia mume wangu, nikikariri hoja. Hoja ya kwanza ilikuwa ya kitabu cha Mwanzo, ya pili ya haki za binadamu. Nilikuwa na wasiwasi juu ya hiyo ya pili tu, kwa sababu nilijua Shangazi akisikia neno haki huuliza ya nani.

Tulimkuta amesimama getini. Mwanamke mrefu, sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na mchungaji wake alikuwa akimwogopa kidogo.

"Karibu baba," alimwambia mume wangu. Alimwita hivyo tangu utoto wake, kwa kuwa alirithi jina la babu. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, mnakulaga nini huko Bunda? Mmekonda kama mmekatazwa."

"Tumefunga, Shangazi. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu mngekuja na sukari."

Kabla hatujaketi alitupeleka nyuma ya nyumba akatuonyesha kitu. Ng'ombe watatu walikuwa wamefungwa kwenye vigingi, hatua chache tu kutoka kwenye jiko lake, wanakula majani ya migomba yake.

"Za nani hizi?" mume wangu akauliza.

"Za shemeji yangu. Mdogo wake marehemu. Alianza kufunga mmoja, akasema kwake hakuna majani. Nikanyamaza. Akaleta wa pili. Sasa huyu wa tatu hata hodi hakupiga." Akamsukuma ng'ombe aliye karibu kwa kiganja, bila ukali, kama mtu anayesogeza mtoto wa jirani. "Ananipimia kaburi, baba. Nikifa leo, kesho moto wangu unazimwa, na kesho kutwa anapanda mihogo kwenye jiko langu. Itakuwa kama hapa hakukuwagapo mtu."

"Mimi si nipo, Shangazi?"

"Wewe ni wa kule nilikozaliwa. Huku nimeolewa. Kunizika utanizika, ila kulala kwenye nyumba hii kama mwenyewe, huwezi. Nataka mtu atakayezaliwa humu ndani, aseme hapa ni kwetu, na asitokee wa kumbishia."

Hilo ndilo alilolitaka, na hakuwahi kulificha. Sisi ndio tuliolisikia na kuliweka kando, kama unavyoweka kando maneno ya mgonjwa ili uendelee kumwombea.

Tuligawana kazi. Mume wangu alibaki na Shangazi sebuleni na kitabu cha Mwanzo. Mimi nilikwenda jikoni kumwokoa msichana.

Alikuwa anasonga ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, mweusi, mzito, kwa nguvu ambayo ilinifanya nisimame mbali na mwiko. Mfupi, uso wa duara, kitenge kimefungwa juu ya kifua. Nikajitambulisha. Nikamwambia nimekuja kama dada. Nikamwambia hakuna mtu anayeweza kumlazimisha kuolewa.

"Nani kanilazimisha?" akauliza, bila kuacha kusonga.

"Wazazi wako wamepokea ng'ombe..."

"Baba yangu alinifukuza kabla ya ng'ombe yeyote. Ng'ombe ndio wamemfanya akumbuke ana mtoto." Akaufunika ugali, akafunua kitenge kidogo ubavuni. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana. "Mwenye nalo alikimbilia machimboni. Nilikuja hapa kuchuma pamba kwa kibarua. Mama akaniona natapika kwenye mistari. Hakuuliza mimba ni ya nani. Aliuliza nimekula nini."

Alimwita Shangazi mama. Sikuwa na hoja iliyoandaliwa kwa ajili ya hilo.

"Lakini wewe ni kijana," nikasema. "Unaweza kupata mume."

"Wewe mwalimu umeolewa na mwanaume?"

"Ndiyo."

"Anapika?"

"Anafua," nikasema, na nikajisikia nikijivuna.

"Anafua!" Akacheka hadi akaegemea ukuta. "Jamani. Mama hatanipiga, hatalewa, hataniletea mwenzangu bila kuniuliza. Mtoto wangu atakuwa na jina, na mlango wa kuingilia. Wewe unanipa nini? Sema tu, dada, nisikie. Nikiondoka leo, nalala wapi?"

Tulikuwa na chumba kimoja Bunda. Nilikifikiria, na ratiba ya maombi juu ya kitanda. Najua nyumba nyingine za aina ile ambamo msichana aliingizwa mdogo, bila kuulizwa, akageuzwa punda wa mtu, na sitaki mtu asome haya akadhani naipigia debe desturi. Lakini nilikuwa nimekwenda kumwokoa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa ameshaokolewa bila kunisubiri.

Nilirudi sebuleni na kumkuta mume wangu naye ameishiwa. Kitabu cha Mwanzo kilikuwa kimemgeuka. Alikuwa amefika kwa Sara na Hajiri, na Shangazi alikuwa anamuuliza kwa upole ni nani hasa aliyemleta Hajiri ndani ya nyumba ile.

Tulipoishiwa hoja tulifanya walichofanya vijana wote waliookoka tuliowafahamu: tukasema tuombe.

"Vizuri sana," Shangazi akasema. "Ila tusiombe humu ndani. Tuombe nje, zizini, Mungu aone vizuri."

Kwetu ilionekana ni wazo jema. Tulidhani amelegea. Tukatoka. Sijui watu walikuwa wamejificha wapi, lakini zizini kulikuwa na majirani, wazee kwa akina mama, wamesimama kimya kabisa. Tukafurahi. Tulidhani Mungu ametuletea mashahidi. Mume wangu akamsimamisha Shangazi upande wake wa kulia na msichana upande wa kushoto, akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha huyu na mmoja juu ya kichwa cha yule, maana kwetu ukimwombea mtu afunguliwe unamwekea mikono, na mimi nikanyoosha yangu kwa mbali kumtia nguvu. Akaomba kwa sauti kubwa. Aliomba Bwana aingie katika boma lile. Aliomba kila kilichofungwa kifunguliwe. Aliomba nyumba ile isimame na isizimike taa, na mapenzi ya Mungu yatimie kwa wanawake hawa wawili. Alikuwa na kipaji cha maombi, na siku hiyo alikitumia chote.

"Amina!" Shangazi akasema.

"Amina!" zizi zima likaitikia, na vigelegele vikapasuka kiasi kwamba ng'ombe wa shemeji waliruka kwenye vigingi.

Nililia. Nilidhani nimeshuhudia watu wakifunguliwa. Akina mama walinikumbatia, mmoja akanipaka unga shavuni, nikasema ahsante. Tukala. Tulikula sana, tulikuwa na njaa ya siku nyingi. Wakati wa kuondoka mzee mmoja alimletea mume wangu jogoo mwekundu amefungwa miguu, akampa kwa mikono miwili. Tukaona ni sadaka. Nilimpakata njia nzima hadi Bunda, huku nikiimba nyuma ya mgongo wa mume wangu, na jogoo akiniangalia kwa jicho moja kama mtu anayejua zaidi.

Jumapili baada ya ibada mume wangu alimpigia baba yake aliyekuwa akiishi Musoma, ambaye ni kaka yake Shangazi, kumpa ushuhuda. Mimi nilikuwa naosha vyombo, simu ikiwa kwenye sauti ya nje. Baba mkwe alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mliombea wapi?" akauliza mwishoni.

"Zizini, baba."

"Nani alisimama katikati?"

"Mimi."

"Uliwashika?"

"Niliwawekea mikono. Wote wawili."

Baba mkwe akakohoa. Kisha: "Mlipewa jogoo?"

"Tulipewa. Watu walibarikiwa sana."

"Mwekundu?"

Mume wangu akanitazama. Nikatazama sufuria.

"Mmeshamla?"

"Yuko... baba, tumebakiza shingo."

"Basi mmekwisha," baba mkwe akasema. Ndipo akatueleza. Shangazi alikuwa na ng'ombe, alikuwa na msichana, alikuwa na kila kitu, ila alikosa mwanaume mmoja. Ndoa ile haisimami mpaka mwanaume wa ukoo wake au wa marehemu asimame zizini mbele ya watu, awaunganishe kwa mikono yake, aiombee nyumba, kisha apewe jogoo mwekundu na amle. Shemeji zake wote walikataa, kwa sababu waliitaka nyumba. Baba mkwe naye alikataa, kwa sababu ni mzee wa kanisa. "Ananiomba tangu mwaka jana, kabla hata hajampata msichana. Nikamwambia tafuta mwingine. Kumbe amewapata."

"Lakini mimi si mrithi kule!"

"Kurithi huwezi. Kusimama unaweza. Umesimama."

Tulikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilitaka kuamini kwamba Shangazi alitutega, na mume wangu alitaka kuamini kwamba hakututega, na hadi leo hatujakubaliana. Nilipomuuliza Shangazi miaka mingi baadaye alisema, "Niliwaambiaga muombe? Nyie ndio mlisema tuombe." Hiyo ni kweli. Zizi tu ndilo lilikuwa lake.

Habari zilifika kanisani kwetu kabla ya Jumatano. Watu walinisimamisha sokoni. Mama mwenye nyumba wetu, ambaye hakujishughulisha na mambo ya dini, aligonga mlango kunipa hongera ya harusi, akauliza bwana harusi ni yupi hasa, kwa sababu kuna wanaobishana. Kisha tukaitwa mbele ya baraza la wazee.

Chumba cha baraza nilikijua vizuri, nilikuwa nikikifagia. Siku hiyo tulipewa viti viwili vilivyotazamana na meza. Mchungaji alikuwa na huzuni ya kweli. Mzee mmoja, mkali kuliko wote, mtu aliyewahi kumtoa mtu ibadani kwa sababu ya kofia, ndiye aliyeuliza maswali.

"Mlifungisha ndoa ya wanawake wawili?"

"Tulikwenda kuizuia, mzee," mume wangu akasema.

"Nimeuliza mlifanya nini. Sijauliza mlikwenda kufanya nini."

Sijawahi kusikia sentensi iliyonikata hivyo, na nimesoma vitabu vingi. Tuliondolewa kwenye uongozi. Tungekaa benchi la nyuma, bila kushiriki meza ya Bwana, hadi baraza litakapoona tumetubu na kutengenezwa. Huko Butiama, tulisikia, Shangazi naye alikuwa amesimamishwa, kwaya imempoteza kiongozi, na Jumapili ya kwanza bila yeye walianza wimbo kwenye sauti ambayo hakuna aliyeweza kuifikia.

Tulipotoka nje yule mzee mkali alitufuata hadi kwenye pikipiki. Nilijiandaa kwa nyongeza ya adhabu.

"Hivi," akasema, akitazama tairi, "huyo shangazi yenu, afya yake nzuri?"

"Nzuri, mzee."

"Mimi aliyenilipia ada ya shule alikuwa bibi. Bibi aliyemwoa mama yangu." Akasafisha koo. "Wanasema baba yangu alikuwa mvuvi. Simjui. Nilizaliwa kwenye nyumba ya yule bibi, na nikimwota baba, namwota yeye, na gauni lake."

Mume wangu akavua helmeti aliyokwisha kuivaa.

"Na bado adhabu iko palepale," akasema, akarudi ndani.

Benchi la nyuma linafundisha. Kutoka kule huoni mchungaji, unaona visogo, na baada ya wiki kadhaa unaanza kuwajua watu kwa visogo vyao: nani anasinzia, nani analia kimya. Tuligundua kwamba kule nyuma kuna kanisa zima ambalo hatukuwahi kuliona tukiwa mbele: msichana aliyezalia nyumbani, mzee mwenye wake watatu asiyejua amwache yupi, kijana mlevi anayefika mapema kuliko wote. Walitusogezea nafasi bila kuuliza. Nyumbani maombi yetu yalipungua maneno. Ratiba ilidondoka ukutani siku moja ya upepo, mume wangu akaiokota, akaitazama, akaitumia kuwashia jiko. Mwaka ule mvua ilikawia, pamba ikakauka ikiwa fupi, wakulima wakamlaumu yeye, na jioni akirudi hatukuwa na majibu. Tulikuwa na uji. Alikuwa bado anafua.

Kisha mambo mawili yakaja wiki moja. Ofisi ikamhamishia Musoma, tukapanga chumba huko. Na mchungaji akatuambia baraza limeridhika, Jumapili ijayo tutarudishwa mezani mbele ya washirika wote, kwa sharti dogo tu: tusijihusishe tena na mambo ya Butiama. Tulikubali. Nililia tena, safari hii kwa kujua ninalia nini.

Alhamisi yake Shangazi akapiga simu. Mtoto amezaliwa.

"Wa kiume?" mume wangu akauliza haraka.

"Njooni mwone."

"Shangazi, kanisani wametuambia..."

"Sijawaambia mje kanisani. Nimesema mje mwone mtoto."

Tulikwenda. Tuliambiana njiani kwamba kumwona mtoto si kujihusisha. Tulipofika, ng'ombe walikuwa wameshafika watano, na kigingi cha sita kilikuwa kimechimbiwa karibu na mlango. Shemeji mwenyewe alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha marehemu, fimbo magotini. Alikuwa mchangamfu mno.

"Karibu mchungaji wa zizi!" alimwita mume wangu. "Umekuja kuona matunda? Nenda kaone. Nenda kaone mrithi."

Msichana alikuwa kitandani, amechoka, anacheka kidogo aliponiona. "Anafua bado?" akaninong'oneza. Shangazi alimfunua mtoto. Alikuwa wa kike.

Ng'ombe wote wale wa mahari, kwaya, meza ya Bwana, benchi la nyuma, jogoo, yote kwa ajili ya mtu wa kuilinda nyumba, na huyu hapa, na kwa sheria za watu walewale msichana huolewa akaondoka. Nje shemeji alisikika akicheka na mtu.

Shangazi akamnyanyua mtoto, akatoka naye mlangoni. Tukamfuata.

"Wa kike," shemeji akasema.

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Sasa nyumba, shemeji. Tuseme ukweli. Huyu ataolewa aende zake. Nani atabaki hapa?"

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake mwenyewe.

"Ataoa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wazee wawili waliokuwa kivulini mwa ghala wakatazamana, na mmoja akatikisa kichwa taratibu, juu chini, kama mtu anayeona hesabu imekubali. Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwelewa kabisa. Nilikuwa nimebaki hivyohivyo pale uani Bunda, nimeshika mguu wa suruali.

"Baba," Shangazi akamwambia mume wangu, "muombee mtoto. Mbele ya hawa."

Alikuwa anaelekea zizini. Sote tulijua sasa zizi ni nini. Mume wangu alinitazama, nami nikaiona Jumapili: mchungaji ananyoosha mkono, washirika wanasimama, tunatembea kutoka benchi la nyuma hadi mbele. Niliitaka sana Jumapili ile. Kisha nikatazama kigingi cha sita.

"Nenda," nikamwambia. "Nakuja."

Akasimama katikati. "Mikono niweke wapi, Shangazi?" akauliza.

"Palepale."

Akaweka mmoja kwa mtoto, na mmoja kwa Shangazi, na msichana akatoka ndani akishikilia ukuta, akaja akaingia katikati yao. Sikunyoosha mikono kwa mbali safari hii. Nilikwenda nikamshika msichana, maana alikuwa anayumba. Mume wangu aliomba kwa maneno machache. Alisema tu kwamba mtoto huyu ni wa hapa, na Mungu aliyemleta anajua ni hapa, na sisi tuliosimama tumeona.

Kawaida nafumba macho. Siku hiyo nilifumbua moja. Shemeji alikuwa nyuma ya jiko, ameinama, anafungua kamba ya ng'ombe wa kwanza. Alimaliza, akahamia kwa wa pili.

Watu walisema amina, na vigelegele vikaja. Yule mzee akaleta jogoo mwekundu, akampa mume wangu kwa mikono miwili, na mume wangu akampokea kwa mikono miwili. Nilimpakata hadi Musoma, kwenye chumba chetu kipya. Tulifika kabla jua halijazama, na nikabandika maji ya kumnyonyolea.